Wajane Wawili Kwenye Milima ya Mawe

Khairiya alikwenda uwanja wa ndege kumpokea mke mwenziwe akiwa na maneno aliyoyapanga tangu juzi, na yote yakamtoka kichwani mara tu alipomwona. Alikuwa amemjua Bi Ummulkheir kwa picha na kwa sauti ya simu iliyosikika ikitoka chumba cha pili. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wake wa mume mmoja, Jaafar, huyu Deira, Dubai, na yule Mombasa, na katika muda wote huo hawakuwahi kukaa pamoja hata kwa kikombe cha kahawa. Jaafar ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alizoea kusema kwamba bahari iliyo kati yao ni ukuta mzuri kuliko wowote ambao fundi angeweza kuujenga. Sasa Jaafar alikuwa amelala makaburini Al Qusais, na ukuta ule haukuwa na kazi tena.

Khairiya aliinama kumbusu mkono, kama ambavyo angembusu shangazi yake. Bi Ummulkheir aliurudisha mkono wake, kisha, kama mtu aliyejifikiria upya, akauweka begani mwa yule mdogo wake.

"Pole, Khairiya," alisema.

"Pole na wewe, Bi Mkubwa."

Khairiya akamchukulia sanduku, wakaelekea nyumbani.

Bi Ummulkheir alikuwa amekuja kwa jambo moja tu, kuliona kaburi. Jaafar alifariki siku chache kabla ya Ramadhani, akazikwa alasiri ya siku ile ile, na habari ilipofika Mombasa kulikuwa hakuna tena wa kumuwahi. Kila mjane alikaa eda yake upande wake. Ilipokwisha, Bi Ummulkheir aliwaambia wanawe kwamba anakwenda Dubai. Binti yake mkubwa, Shifaa, alimkataza, akamwambia hana sababu ya kwenda kulala katika nyumba ya mwanamke yule. Yeye akajibu kwamba hotelini haendi, na kaburi haliwezi kuja Mombasa.

Walikwenda makaburini asubuhi, kabla jua halijawa moto wa kuchoma nyayo. Makaburi yalikuwa mistari mirefu ya mchanga, yote yakifanana, kila moja na jiwe dogo. Bi Ummulkheir alisoma Yasini kwa kunong'ona. Alipomaliza akauliza kichwa kiko upande gani. Khairiya akanyoosha kidole, kisha akakiri kwamba hana hakika. Siku ya mazishi hakufika huku, wanaume ndio waliozika. Yeye alikuja kuonyeshwa na kaka yake mwenyewe, Irshad, baada ya eda, na Irshad naye alisitasita kati ya jiwe hili na lile.

"Basi tumwombee na jirani yake," Bi Ummulkheir alisema, akasoma tena.

Walipotoka hapo walipitia dukani. Jaafar alikuwa na duka la mapazia na mashuka nyuma ya barabara ya Al Rigga, bidhaa zote kutoka Guangzhou, na tangu afe Khairiya ndiye aliyekuwa akilifungua. Nyuma ya kaunta lilitundikwa pazia moja ambalo halikuwa la kuuza. Kiwanda kimoja cha Uchina kilimpa Jaafar kama zawadi, na juu yake ilichapwa picha ya milima ya nchi ile: nguzo za mawe nyembamba, ndefu kupita kiasi, zimesimama moja moja kutoka bondeni na miti imeota vichwani mwake, huku ukungu ukizifunika miguu.

Bi Ummulkheir alisimama mbele ya pazia lile muda mrefu. Khairiya, kwa kuona kwamba hatimaye wamepata kitu cha kuzungumza, akamweleza. Alisema Jaafar alifika kule mara moja na Mchina mmoja wa biashara, akarudi hana habari nyingine. Alikuwa akiifananisha milima ile na minara ya misikiti isiyokuwa na mwadhini. Miaka yote ya ndoa yao Khairiya alimsihi ampeleke, naye kila mwaka akatoa udhuru: mara kontena limechelewa, mara mteja hajalipa, mara magoti. Mwaka huu ndipo alipokubali. Alikwenda kwa Zahor, Mzanzibari mwenye ofisi ya tiketi mlango wa tatu, akaandikisha safari ya watu wawili baada ya Idi. Alimnunulia hata viatu vya kutembelea, vya raba nene, vyepesi mguuni. Halafu akafa.

"Mwaka huu?" Bi Ummulkheir aliuliza.

"Mwaka huu. Zahor ameisogeza mbele safari. Kila siku ananiuliza afanyeje, nami sina jibu."

Mkubwa alikaa kwenye kiti cha wateja. Khairiya akadhani joto limemzidi, akamletea maji. Aliyanywa yote.

"Ulitaka sana kwenda?"

"Sana, Bi Mkubwa. Lakini peke yangu siwezi."

"Basi twende wote."

Khairiya alifikiri ni maneno ya kumliwaza tu, ya kusemwa na kusahauliwa. Lakini jioni yake Bi Ummulkheir alimwita Zahor mwenyewe, akampa pasi yake ya kusafiria, akamwambia abadilishe jina la Jaafar aweke lake. Zahor alimtazama Khairiya, Khairiya akatazama chini. Irshad aliposikia alikuja juu. Wanawake wawili, waliotoka eda jana, kwenda kupanda milima ya Uchina bila mwanamume wa kuwasindikiza; watu wa Mombasa watasema nini? Bi Ummulkheir alimjibu kwa upole kwamba watu wa Mombasa wamekuwa wakisema tangu Jaafar alipooa mke wa pili, na yeye bado mzima.

Viza zilichukua majuma kadhaa, na katika majuma hayo walijifunza kuishi. Nyumba ilikuwa ndogo, chumba na sebule. Walipikiana. Khairiya aligundua kwamba chai aliyokuwa akimnywesha Jaafar bila sukari, kwa amri ya daktari, Mombasa aliinywa kwa vijiko viwili vilivyojaa. Bi Ummulkheir naye alistaajabu kusikia kwamba mumewe alikuwa akipiga pasi nguo zake mwenyewe kila Ijumaa. Kwake hakuwahi hata kujua pasi inawekwa wapi. Kila mmoja alikuwa na Jaafar wake, na ilikuwa kama wanasimuliana habari za ndugu wawili waliofanana sura. Kulikuwa na siku walizocheka. Kulikuwa pia na siku ambazo mmoja aliguswa pabaya na neno dogo, akaingia chumbani, na mwenziwe akabaki sebuleni akipanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Walisafiri katikati ya kiangazi. Ndege iliwafikisha Guangzhou, mji ambao Khairiya aliujua kwa maghala yake tu, na kutoka hapo wakapanda treni ya mbio iliyopita mashamba ya mpunga na mahandaki mengi, mpaka Zhangjiajie, mji wa milima ile. Zahor aliwapangia msichana wa Kichina wa kuwaongoza, aliyejitambulisha kwa jina la Lin na kuzungumza Kiingereza kwa taratibu. Aliwapenda mara moja, na buibui zao hazikumshangaza. Siku ya kwanza ilinyesha mvua, wakabaki hotelini wakitazama maji yakiteremka kwenye kioo. Siku ya pili walipanda.

Kulikuwa na lifti iliyofungwa kwenye uso wa jabali, nje kabisa, vioo vitupu. Khairiya alishika chuma kwa mikono miwili. Bonde likashuka chini ya miguu yake, miti ikawa majani, na zile nguzo alizoziona miaka yote kwenye pazia zikaanza kupanda mbele yake moja baada ya nyingine, za kweli, za rangi ya kutu na majivu, zimechanjwachanjwa na mvua za tangu enzi. Nyingine zilikuwa nyembamba hata mtu akajiuliza zimesimama kwa idhini ya nani. Misonobari ilikuwa imeota mahali ambapo hata mbuzi asingeweza kuweka kwato. Machozi yalimjaa. Alisema kimya kimya, Jaafar, nimefika.

Juu kulikuwa na watu wengi, bendera ndogo za viongozi wa misafara na vipaza sauti. Lin aliwaambia wamfuate. Kabla hajaonyesha njia, Bi Ummulkheir alikuwa ameshakata kushoto, akapita nyuma ya kibanda cha kuuza mahindi ya kuchoma, akateremka ngazi za mawe zilizofichwa na miti. Khairiya alimfuata akidhani amepotea. Ngazi ziliishia kwenye kipembe kidogo chenye ukuta wa mawe na benchi, na hapakuwa na mtu. Milima yote ilikuwa mbele yao.

"Umejuaje huku?" Khairiya aliuliza.

Bi Ummulkheir alikaa, akauweka mkoba wake mapajani, akaushika kama mtu aliye hospitali anayesubiri kuitwa.

"Mimi hapa nimewahi kufika, Khairiya. Jaafar alinileta."

Khairiya alisema haiwezekani, Jaafar alikuja na Mchina wa biashara. Alilisema mara mbili, na mara ya pili sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Alinileta mwaka ule kabla hajakuoa," Bi Ummulkheir alisema. "Tulikaa hapa. Nilikuwa nikimshukuru, nikimwambia tangu tuoane hajanipeleka mahali kama hapa. Akanishika mkono. Ndipo akaniambia kuna mtu amemwona Dubai na anataka kumwoa. Akasema amenileta huku ili nisilie mbele ya watoto. Baada ya hapo sikuona mlima. Watu walikuwa wakipiga picha, mimi natazama viatu vyangu."

Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, ukizifunga nguzo viunoni. Khairiya hakujua aweke wapi macho. Kwa miaka yote alijua, kama wajuavyo wake wa pili, kwamba furaha yake ilikatwa kwenye nguo ya mtu mwengine. Hakuwahi kujua ilikatwa wapi, wala kwamba pale palipokatwa ndipo alipokuwa akiomba apelekwe. Aliuliza kwa nini basi amekubali kurudi.

"Nilitaka kupaona. Mtu kufika mahali kama hapa na asione kitu, ni dhuluma."

Kisha jambo jingine lilimjia Khairiya, likamjia polepole kama maji yanayopenya chini ya mlango. Miaka kumi na mmoja Jaafar alikataa kumleta hapa. Mwaka huu, bila kuombwa tena, alikubali.

"Na mimi," alisema, "mimi alitaka kuja kuniambia nini?"

"Pengine alitaka uone tu." Bi Ummulkheir alikuwa akitazama pembeni.

Khairiya alikuwa ameishi na mfanyabiashara muda wa kutosha kujua mtu anapotaja bei isiyokuwa ya kweli. Alimshika mkono. "Bi Mkubwa. Nakuomba kwa Mungu, niambie."

Bi Ummulkheir alivuta pumzi. Akasema kwamba katika mwezi wa Rajabu Jaafar alimpigia simu. Alisema amechoka, na magoti yamechoka, na Dubai imemchosha. Baada ya Idi atafunga duka arudi Mombasa moja kwa moja, akae na wajukuu. Yeye akamuuliza, na Khairiya?

"Alisema, 'Khairiya nitazungumza naye. Nitampeleka kule milimani kwanza.'"

Khairiya aliuachia ule mkono.

"Alisema ataniacha?"

"Hakusema. Neno la talaka sikulisikia kinywani mwake, na sitamzulia maiti. Pengine angekutaka uende naye. Lakini mimi nilijua mahali hapa anapomleta mtu anamletea nini." Alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Na nilifurahi, Khairiya. Nisikufiche. Niliweka simu nikaswali rakaa mbili za shukrani. Sikumaliza hata kukitengeneza chumba chake, Irshad akapiga simu."

Khairiya aliinuka. Alipanda zile ngazi bila kujua anakwenda wapi, akapita kibanda cha mahindi, akaingia katikati ya watu na bendera zao, akasukumwa huku na huku mpaka akafika kwenye kizuizi cha chuma penye genge. Kila mtu alikuwa amenyoosha simu mbele. Aliwaza juu ya miezi ile ya mwisho. Jinsi Jaafar alivyokuwa mpole. Jinsi alivyokuwa akimtazama anapopika, na yeye akamcheka akamwambia unanitazama kama mgeni. Alifikiri ni uzee unamlainisha. Na vile viatu, alivyopiga magoti dukani mwenyewe, magoti yale yale mabovu, kumfungia kamba ili aone kama vinambana. Alikuwa navyo miguuni sasa hivi.

Alitaka kumgombeza, na wa kugombezwa hayupo. Katika kila swala tangu afe alikuwa amemwombea kwa machozi, mume aliyenyang'anywa. Sasa hakujua amenyang'anywa nini. Kama Mungu angempa Jaafar majuma mengine machache tu, yeye asingekuwa mjane, angekuwa labda mtalaka. Na alipolifikiria hilo, kitu kimoja ndani yake kikashukuru kwamba alikufa, akakiogopa kitu kile, akaanza kulia kwa namna ambayo hakulia hata siku ya msiba. Siku ya msiba kulikuwa na watu wa kumshika. Wachina walimpisha. Mama mmoja mzee alimsogezea karatasi ya kufutia uso, akaondoka bila kumtazama.

Mvua ilirudi, matone makubwa. Bi Ummulkheir alimkuta pale pale. Alikuwa amenunua makoti mawili ya plastiki ya manjano kwa mchuuzi, moja amelivaa juu ya buibui, la pili akamvika Khairiya mabegani kwa nguvu, kama mtoto.

"Umekuja kunitazama nikilia," Khairiya alisema.

"Sijui nimekuja kwa nini." Bi Ummulkheir alikuwa akihema kwa ngazi. "Nilipoliona pazia lile niliogopa usije ukaja peke yako. Kisha nikaogopa kwamba hutakuja kabisa. Kama usingeuliza nisingesema, hilo nakuapia. Ungerudi na milima yako mizuri. Lakini umeuliza, na mimi kudanganywa nimekuchoka, siwezi nami kumdanganya mtu."

"Bora ungenidanganya."

"Pengine."

Mbele yao hapakuonekana tena kitu. Milima yote ilikuwa imezama, weupe mtupu, na watu walikuwa wakirudi kwenye lifti wakilalamika. Lin aliwatafuta na mwavuli, akawaomba radhi kwa hali ya hewa kana kwamba ni kosa lake. Wao walibaki kidogo zaidi wakiutazama ule weupe, bega kwa bega, kisha wakamfuata.

Karibu na hoteli kulikuwa na mkahawa wa Waislamu wa Kichina wanaovuta tambi kwa mikono. Mwenye mkahawa, mwenye kofia nyeupe, aliwaona na mitandio yao iliyolowa akawatolea salamu ya Kiislamu kutoka jikoni, akawaletea bakuli za supu hata kabla hawajaagiza. Khairiya hakugusa. Bi Ummulkheir alikula kidogo, akaweka kijiko chini.

"Nami nina langu la kuuliza," alisema. "Nimelizuia tangu uwanja wa ndege. Siku ile ilikuwaje? Irshad aliniambia amefariki, akaniambia amezikwa. Katikati hapana kitu. Mimi ni mkewe wa miaka thelathini na sita na sijui alikufaje."

Jambo la kwanza lililomjia Khairiya lilikuwa kukataa. Asubuhi ile ilikuwa mali yake. Ndiyo pekee iliyobaki ambayo hakuichangia na mtu, na baada ya yale aliyoyasikia mlimani aliona kwamba hana nyingine. Aliuangalia mvuke wa supu. Halafu akaona mikono ya mwenziwe juu ya meza, imekaa imefunguka, kama ya mtu anayepokea dua.

Akamsimulia. Jaafar aliamka kwa swala ya alfajiri, akaswali kwa kukaa. Alisema bega linamuuma, akaomba asuguliwe dawa ya misuli, naye akamsugua huku akimtania kwamba amelalia mkono vibaya. Akaomba chai. Aliposhika kikombe kilimponyoka, ikamwagika kwenye zulia, na yeye Khairiya, Mungu amsamehe, alikasirika kidogo kwa ajili ya zulia. Alipoinuka na kitambaa ndipo alipoona rangi ya uso wake. Gari la wagonjwa halikuchelewa. Mle ndani alimshika mkono njia nzima, na jasho lake lilikuwa la baridi.

"Alisema kitu?" Bi Ummulkheir aliuliza. "Alimtaja mtu?"

Khairiya alijua anachoulizwa. Angeweza kumpa jina lolote alitakalo. Angeweza pia kulitia lake.

"Alimwita mamake," alisema. "Alisema, 'Mama, funga dirisha.' Mara mbili. Halafu akatoa shahada."

Bi Ummulkheir alifumba macho. Khairiya alidhani atalia, lakini kilichomtoka mwanzoni kilikuwa kicheko, kifupi, kilichokosa pumzi.

"Basi sote tumekosa, mwenzangu," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. Kilio kikafuata baadaye, na mwenye mkahawa akawazimia televisheni kwa heshima.

Walirudi Dubai, na siku chache baadaye Bi Ummulkheir akarudi Mombasa. Uwanjani alimwambia Khairiya kwamba katika nyumba yake ya Kibokoni, Mombasa, kuna chumba cha juu, kina hewa, na Shifaa atasema atakayosema kisha atachoka. Khairiya alimshukuru, lakini hakumjibu ndiyo wala hapana. Duka lilikuwa la kufungwa, kwa kuwa leseni iliandikwa kwa jina la Jaafar na kafeel, yule mdhamini wake wa Kiarabu, ingawa muungwana, hakutaka kuendelea na mtu mwengine. Irshad alimtafutia nafasi katika duka la abaya la Mlebanoni mmoja hapo hapo Al Rigga, kusimama kutwa, kuwaita wateja madam. Alihamia chumba cha kuchangia na wanawake wengine wawili, Mganda na Mtanzania, wapole, waliokuwa na zamu zao na maisha yao.

Kumwombea Jaafar kulikuwa kugumu. Kwa muda alikuwa akimaliza swala na kuinuka hapo hapo, kama mtu anayepita nyumba ya mdai. Kisha akaanza tena, kwa ufupi, maghufira tu, bila yale maneno mengi ya zamani. Aliacha pia kujaribu kukisia angeambiwa nini pale kwenye benchi. Siku nyingine alikuwa na hakika kwamba ni talaka. Siku nyingine, alipokumbuka alivyomfungia kamba za viatu, alikuwa na hakika kwamba angemwambia, funga mizigo twende nyumbani. Hakuna aliyebaki duniani wa kuamua.

Alianza kukonda. Wenziwe chumbani walimwona akiweka chakula mezani na kukirudisha kwenye friji. Ijumaa moja mchana, wenziwe wakiwa kazini, simu ililia. Alikuwa Bi Ummulkheir. Aliulizia hali ya hewa, akaulizia miguu kwa kusimama kutwa, akamwambia mjukuu ameota jino. Kisha wakaishiwa, na hakuna aliyekata. Khairiya alisikia kupitia simu ile mwadhini wa Mombasa akijisafisha koo.

"Umekula?" Bi Ummulkheir aliuliza.

"Sina hamu, Bi Mkubwa."

"Sikukuuliza hamu. Kuna nini hapo?"

"Wali wa jana. Na samaki kidogo."

"Pasha moto."

Khairiya alikwenda, akapasha, akarudi na sahani. Aliiweka simu juu ya meza, ikisimamishwa na chupa ya maji, akanawa, akasema Bismillahi. Tonge la kwanza lilikataa kupita. Upande wa pili ilisikika sauti ya kiti kikivutwa na mtu mzima akijikalisha taratibu, kama aliye na nafasi ya mchana kutwa.

"Kula tu," Bi Ummulkheir alisema. "Mimi nipo."

Khairiya akachukua tonge la pili.